Subira Yake, au Dhulma Yetu?

 

Ndugu zetu Waislamu, katika misikiti yetu ni nadra dua kuitikiwa kwa sauti kubwa kama ile ya kuwaombea wagonjwa. Baada ya swala ya Alasiri imamu hupewa kikaratasi: mama wa fulani anaumwa, baba wa fulani amepooza, tumwombe Mola awape shifaa. Nasi huitikia "Amin", kisha tukatafuta viatu vyetu. Miaka yote tuliyoswali hapa hatujapata kusikia kikaratasi kinachomtaja yule anayemgeuza mgonjwa huyo kitandani saa nane za usiku. Huyo hatukumpa dua, tumempa sifa. Tunasema, "Mashaallah, ana subira." Makala haya yanaikusudia sifa hiyo, kwani tumeona kwa macho yetu jinsi ilivyogeuka kuwa pazia la kusitiri dhulma.

Tunamjua dada mmoja ambaye hatutamtaja kwa jina wala kwa mtaa. Mama yake alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa na ulimi ukawa mzito. Mama huyo amejaaliwa watoto watano, wanne kati yao ni wanaume. Mmoja yuko Muscat, wawili wana maduka mjini, na wa nne anakaa nyumba ya tatu kutoka kwa mama. Wa tano ndiye huyu binti, aliyeachika na kurudi kwao na mtoto mmoja, akijipatia riziki kwa kuuza vitumbua asubuhi. Kikao cha kuamua nani amuuguze mama hakikuchukua hata robo saa, kwa sababu hakikufanyika. Kila mmoja alimtazama binti, na binti akainuka kwenda kuchemsha maji.

Wengi wetu tunaosifu kazi hii hatuijui. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hupaswa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, ama sivyo ngozi ya mgongo na ya nyonga hufa kwa kulaliwa na vidonda huanza. Uji hulishwa kwa kijiko, kidogo kidogo, mgonjwa akiwa ameketishwa, maana koo lililopooza hupaliwa, na kilichokwenda njia siyo huweza kufika mapafuni kikaleta maradhi mengine. Kisha kuna kumwosha, kumbadilisha pampasi, kufua mashuka, kumtawadhisha, kumwelekeza kibla, kumpa dawa za presha kwa saa zake, na kukaa naye anapolia bila kuweza kusema analilia nini. Dada huyu ni mwembamba na mama yake ni mtu wa mwili. Alimnyanyua peke yake kwa miaka minne. Mwaka wa kwanza biashara ya vitumbua ilikufa, na mwaka wa pili mgongo wake ukaanza kumuuma. Yeye mwenyewe ana presha, na kadi yake ya kliniki ilikaa juu ya kabati bila kufunguliwa, kwani angekwenda lini, na angemwachia nani?

Na sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa tunamzuru mgonjwa! Mwezi wa Shaaban mmoja tulikwenda watu kumi na mmoja, tukakaa tangu Magharibi hadi karibu na Ishaa, tukasoma dua ndefu, tukatoa mawaidha juu ya thawabu za kuwatendea wema wazazi. Dada yule alitupikia chai, akakopa mkate dukani, akaosha vikombe kumi na kimoja baada ya sisi kuondoka. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza lini alilala usiku mzima. Tuliondoka tukiwa na hakika kwamba tumeandikiwa thawabu za kuzuru.

Katika kumi la mwisho la Ramadhani iliyofuata, dada yule alifuturu, akaswali, akajinyoosha kidogo kando ya kitanda cha mama. Alizinduka kwa mpiga daku. Kwa usiku karibu mzima mama hakugeuzwa, na alikuwa amelala katika unyevu. Doa jekundu lililoonekana asubuhi ile lilikuwa kidonda baada ya siku chache, na baada ya wiki kadhaa likawa shimo. Hapo ndipo kaka zake walipopatikana wote kwa simu. Mkubwa wao alikuja, akatazama, akatoka barazani na kusema mbele ya watu kwamba mama anaozea mikononi mwa dada yake. Usiku huohuo, mama alipokuwa akikataa kijiko cha tatu cha uji, binti alikitupa kijiko na kumpigia kelele mama yake.

Siku ya pili alikuja nyumbani kwa mmoja wetu kuzungumza na mkewe. Hakuja kulalamika juu ya kaka zake. Alikuja kuuliza kama toba yake inakubaliwa, kwa sababu anaijua aya ya 23 ya Suratul Israa, ambamo Mola amekataza hata neno la "uff" kwa mzazi aliyefikia uzee.

Subhanallah! Aliyefanya kazi ya watu watano kwa miaka minne ndiye aliyekuwa akilia kwa kuogopa Moto, na wanne waliolala usingizi ndio waliokuwa wakitoa hukumu barazani. Tulimjibu kwamba mlango wa toba uko wazi na kwamba Mola anayajua yaliyomo nyoyoni mwetu, jambo ambalo aya ya 25 ya sura hiyohiyo inalitaja mara tu baada ya amri ya wazazi. Lakini tulipobaki wenyewe tuliulizana swali jingine. Ikiwa "uff" ya mtu aliyechoka ni dhambi, mzigo wake u juu ya nani? Anayemwachia mwenzake mzigo hadi akaanguka, atasimamaje siku ya Kiyama aseme kuwa yeye hakusema "uff"? Hakusema kwa kuwa hakuwapo!

Tuzitazame sasa hoja zinazotolewa kuhalalisha hali hii, maana nazo huvaa kanzu na kofia.

Wapo wasemao, "Mwacheni, mama yake ndiyo pepo yake, tusimkoseshe thawabu." Wasemao hivyo hutoa visa mashuhuri, navyo ni vya kweli. Yupo mtu aliyeomba ruhusa ya kwenda jihadi, Mtume (S.A.W.) akamwuliza kama wazazi wake wako hai, na alipojibu ndiyo akaelekezwa akafanye jihadi yake katika kuwahudumia. Yupo yule katika watu watatu waliofungiwa pangoni na jabali, aliyesimama na maziwa mkononi mpaka alfajiri akingoja wazazi wake waamke. Yupo Uwais al-Qarni wa Yemen, aliyetukuzwa kwa wema wake kwa mama yake. Yupo yule Myemeni ambaye Ibn Umar (R.A.) alimwona akitufu Al-Kaaba huku amembeba mama yake mgongoni. Tunavisikia visa hivi kila mwaka juu ya mimbari. Je, msikilizaji hajaona jambo moja? Wote hao ni wanaume! Vipi basi visa vya wana wa kiume vimekuwa hoja ya kuwafunga mabinti, na wana wa kiume wakaachwa wakavisikilize kwa kutikisa vichwa?

Na kama hilo halitoshi, tuitazame Badri. Mwaka wa 2 Hijria, sawa na 624 Miladia, Waislamu walitoka mia tatu na zaidi kidogo kukabiliana na watu karibu elfu moja. Kila mkono ulihitajika. Hata hivyo Uthman bin Affan (R.A.) alibaki Madina kwa idhini ya Mtume (S.A.W.), kwa sababu mkewe Ruqayya, binti yake Mtume, alikuwa mgonjwa, na huyo mume ndiye aliyemuuguza mpaka kufa kwake. Mtume (S.A.W.) akamhesabia ujira wa aliyehudhuria Badri pamoja na fungu lake la ngawira. Mwanamume wa Quraish, tajiri, mtu wa haya nyingi kuliko sote, aliketi kando ya kitanda cha mgonjwa, na haikuonekana kuwa ni kazi ya kike.

Ajabu kubwa zaidi ni kwamba tunayo mbele yetu habari ya maradhi ya Mtume mwenyewe (S.A.W.) mwaka wa 11 Hijria, na hatuisomi kwa jicho hili. Alipozidiwa aliwaomba wakeze ruhusa auguzwe nyumbani kwa Aisha (R.A.). Alipelekwa huko akiwa amejiegemeza kwa wanaume wawili, Abbas na Ali (R.A.), miguu yake ikiburura chini. Alipotaka kumiminiwa maji ya viriba saba ili apate nafuu, aliketishwa katika beseni la Hafsa (R.A.) na wakeze wakammiminia. Hesabu, ewe msomaji: nyumba ya mmoja, beseni la mwingine, mabega ya ami na ya binamu, na mikono ya wake kadhaa. Kiumbe bora kuliko wote hakuachiwa mtu mmoja amuuguze. Nani basi aliyetufundisha kwamba mama zetu waachiwe mtu mmoja?

Hoja nyingine ni ya pesa. "Mimi natuma kila mwezi." Pesa ni wajibu na hatuzidharau, dawa hazinunuliwi kwa maneno. Lakini simu haimgeuzi mgonjwa. Zanzibar ilianzisha pensheni kwa wazee wote wenye miaka 70 na kuendelea mwaka 2016, na hilo ni jambo la kheri; nayo humfikia mzee, haimfikii aliyefunga genge lake ili amtunze mzee. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 imeiweka familia kuwa ndiyo msingi wa matunzo. Vema, ila familia si jina jingine la binti mmoja. Aliye mbali na asiyeweza kuja anaweza kumlipa msaidizi wa kulala pale usiku mbili kwa wiki, na kumlipa ndugu yake fidia ya riziki aliyoipoteza, bila kuiita sadaka.

Kuna na wanaooa kwa nia hii. Mama akiugua, mtoto wa kiume huleta mke, na ndugu zake hupumua. Tuseme wazi: wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wa pwani yetu, hawakumwajibisha mke hata kazi za nyumba ya mumewe, seuze kumwosha mama mkwe. Akifanya ni ihsani yake, na hulipwa kwa shukrani na kwa zamu. Deni ni la mwana.

Atasema mwana, "Ni aibu kumwona mama yangu." Haya ni katika imani, na katika kumwosha mama hutangulizwa wanawake pale wanapopatikana. Lakini shuka halina uchi. Uji hauna uchi. Kukesha kwenye kiti mlangoni, kuchota maji, kwenda hospitali kuchukua dawa, kumshika mama mabega akageuzwa akiwa amestiriwa, kuna aibu gani? Aibu ni kusikia dada yako anaguna kwa mgongo nyumba ya tatu, nawe ukageukia upande wa pili ukalala.

Na wapo wa mwisho, wanaotuambia kuwa mazungumzo ya kumpumzisha anayeuguza ni mambo ya Kizungu, na kwamba Muislamu hapumziki mpaka kaburini. Hawa ndio wanaotusikitisha zaidi, maana wanasema kwa ushupavu jambo ambalo Mtume (S.A.W.) alilikataa hata katika ibada. Aliingia msikitini akakuta kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akaambiwa ni ya Zainab, hujishikilia anapochoka katika swala. Akaamuru ifunguliwe, na akaelekeza kwamba mtu aswali akiwa na nguvu, akichoka akae. Salman al-Farisi (R.A.) alipomkuta Abu Dardaa (R.A.) amejinyima usingizi na chakula kwa ajili ya ibada, alimzuia, akamwambia kuwa nafsi yake nayo ina haki juu yake kama Mola wake alivyo na haki na ahli yake walivyo na haki, habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alisema Salman amesema kweli. Ikiwa kamba ya swala imefunguliwa, kamba tuliyomfunga dada yetu kwenye mguu wa kitanda itabakije?

Hatuzungumzii kiharusi peke yake. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba zaidi ya watu milioni 55 wanaishi na maradhi ya kusahau, yanayowapata zaidi wazee, kwamba jamaa wanaowahudumia bila malipo hutumia kwa wastani saa 5 kila siku katika kuwahudumia na kuwaangalia, na kwamba asilimia 70 ya saa za huduma hutoka kwa wanawake. Kwetu mzee wa namna hii huambiwa amechezewa, akapelekwa kupungwa, na anayemuuguza akashukiwa yeye. Mwenye kuulizwa swali moja mara thelathini kabla ya Adhuhuri, na bado akatuhumiwa uchawi, huyo tumemdhulumu mara mbili.

Nawe dada yetu, au kaka yetu, maana wapo wanaume wachache wanaouguza na Mola awalipe, neno letu kwako ni hili. Ukichoka sema, tena mapema, kabla kijiko hakijaruka. Kusema hakuondoi thawabu, Yaaqub (A.S.) alishitakia huzuni yake kwa Mola wake na Qur'an ikaisifu subira yake. Kadi yako ya kliniki iteremshe kabatini wiki hii. Kula umeketi, usile makombo ya uji wa mgonjwa ukiwa umesimama. Mgonjwa akilala mchana, nawe lala, nguo hazitakimbia. Usimnyanyue mgonjwa mzito peke yako ukauvunja mgongo ambao yeye mwenyewe anautegemea. Iwapo huna wa kumwachia mgonjwa, wewe kaka una udhuru wa kuikosa swala ya jamaa na hata Ijumaa, Ibn Umar (R.A.) aliiacha Ijumaa iliyokaribia kuswaliwa akaenda kwa Said bin Zaid (R.A.) aliyekuwa mgonjwa. Na usiku unapoona hasira inapanda, toka nje ya chumba, tia udhu, ukae kidogo. Mama hatadhurika kwa dakika kumi za wewe kutafuta pumzi. Atadhurika kwa wewe kuanguka.

Misikiti nayo haina udhuru. Saad bin Muadh (R.A.) alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq mwaka wa 5 Hijria, Mtume (S.A.W.) alimpigia hema ndani ya msikiti ili awe karibu naye, na wapokezi wa sira wanamtaja Rufaida wa kabila la Aslam kuwa ndiye aliyekuwa akiwatibu majeruhi pale. Msikiti wa kwanza ulikuwa na kitanda cha mgonjwa. Yetu ina mazulia na feni. Tumepata kushuhudia ng'ombe wawili wakichinjwa katika arobaini ya mzee ambaye, alipokuwa hai, mkewe alikosa hela ya pampasi. Watu walikula wakashiba, wakasifu pilau, na mjane alikuwa jikoni.

Tulipotoka katika mazungumzo na yule dada, baadhi yetu tulimwendea kaka yake wa nyumba ya tatu. Alikasirika, kisha akanyamaza, kisha akauliza uji hupikwa vipi. Sasa hulala kwa mama yake usiku wa Jumatatu na wa Alhamisi. Usiku wa kwanza alimwamsha dada yake mara nne. Usiku wa pili mara moja. Wa Muscat analipa msaidizi wa kike wa siku mbili. Mkubwa wao bado hasalimiani nasi. Kidonda kimeanza kujaa nyama, kwa idhini ya Mola, na muuguzi wa kituo cha afya huja kukisafisha.

Nasi tumeacha kuzuru watu kumi na mmoja. Huenda wawili, tukakaa muda mfupi, na tukichukua chai huichukua kwenye chupa yetu. Karibu na mlango wa msikiti, juu ya rafu ya misahafu, pamewekwa daftari lenye majina ya nyumba saba zenye wagonjwa wa kulala kitandani, na mbele ya kila nyumba siku za wiki. Akina mama hujiandikisha kwa kukaa na mgonjwa wa kike mwenye kuuguza akalale, wanaume kwa kunyanyua, kwa maji, kwa dawa na kwa kukesha kwa wagonjwa wa kiume. Mpaka tunaandika haya, nyumba tano zimepata watu. Nyumba mbili, usiku wa Jumamosi na wa Jumapili, bado hazina jina.